Umeme Umejaa Rufiji, Arusha Inanunua Nje: Fumbo la Njia Zilizozidiwa

Mwezi Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitishwe Kenya na uhudumie mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Sababu aliyoitoa ilikuwa upotevu: kuusafirisha umeme kutoka unakozalishwa hadi kaskazini, alisema, kunalitia Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kila mwaka. Mjadala haukuchelewa kuwaka, vijiweni na mitandaoni.

Waliohoji walikuwa na hoja. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata, mvua zikiwa zimejaza mabwawa mengine pia, TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa maelezo kwamba umeme umezidi mahitaji. Nchi iliyozima mitambo kwa sababu ya ziada inakwendaje sokoni mwaka unaofuata? Wako waliosema bwawa lenyewe ni maneno matupu, wako walionusa mkataba wa kunufaisha wachache, na wako walioona aibu tu. Wote hao walitazama bwawani au mfukoni mwa mtu, ilhali sehemu kubwa ya jibu iko njiani, kwenye nyaya.

Tuanze na maneno. Megawati ni kipimo cha nguvu inayozalishwa au inayotumika kwa wakati mmoja. Uniti, ile inayonunuliwa kwa LUKU (mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia), hupima kiasi kilichotumika kwa muda: uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, na megawati moja ni kilowati 1,000. Mtambo mmoja wa Rufiji ukizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa moja hutoa uniti 235,000. Msongo ni ile nguvu inayousukuma umeme ndani ya waya, nayo hupimwa kwa voti: nyumbani voti 230, kwenye njia kuu kilovoti 132, 220 au 400. Kituo cha kupoza umeme ni mahali ambapo transfoma kubwa huupandisha au kuushusha msongo huo. Gridi ya taifa ni mitambo, njia na vituo hivyo vyote vikiwa vimeunganishwa na kwenda kwa mwendo mmoja. Msongamano kwenye gridi, basi, ni hali ambapo njia au transfoma inatakiwa kupitisha umeme mwingi kuliko inavyoweza kwa usalama, hata kama mitambo ya kuuzalisha ipo na imekaa bila kazi.

Fikiria kijiji chenye tangi kubwa juu ya kilima na bomba moja la inchi moja linaloshuka hadi nyumba ya mwisho bondeni. Asubuhi, kila mtu akifungua koki, nyumba zilizo karibu na tangi hupata maji ya kutosha na wa mwisho huambulia matone. Na kama viungo vya bomba vinavuja, basi kadiri bomba linavyorefuka ndivyo maji yanavyopotelea njiani. Kumjengea mwenye kijiji tangi la pili kilimani hakumsaidii huyo wa mwisho hata kidogo. Mfano huu una kasoro moja kubwa: maji yanaweza kusubiri tangini mpaka usiku, lakini umeme hausubiri. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, na tofauti ikizidi kiasi, mitambo hujizima yenyewe ili isiharibike.

Kinachovuja kwenye waya ni joto, na joto hilo lina tabia ambayo wengi hawaijui. Mkondo, yaani mtiririko wa umeme ndani ya waya, ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto huwa mara tisa. Ndiyo maana mafundi huupandisha msongo kabla ya kuusafirisha umeme mbali, kwani kwa kiasi kilekile cha umeme, msongo ukiwa mkubwa mkondo huwa mdogo. Waya wa aina moja ukibebeshwa mzigo uleule kwa kilovoti 400 badala ya 132, upotevu hushuka hadi karibu sehemu moja ya tisa. Njia ndefu yenye msongo mdogo na mzigo mkubwa hupoteza umeme mwingi, na zaidi ya hapo hufikisha kile watu wanachokiita umeme mdogo. Fundi wa kuchomelea mageti aliye mwisho wa njia ya namna hiyo anaujua vizuri bila kuona grafu yoyote: asubuhi mapema mashine yake inashika, lakini ikifika saa moja jioni, majiko na televisheni vikiwa vimewashwa mtaa mzima, cheche zinakuwa hafifu, chuma hakiungani, na anaamua kufunga kazi ingawa umeme haujakatika.

Sasa tuiangalie ramani ya Tanzania. Mitambo mikubwa iko kusini na mashariki: Rufiji, Kidatu, Kihansi na Mtera kwa upande wa maji, Kinyerezi na Ubungo jijini Dar es Salaam kwa upande wa gesi. Kaskazini kuna vituo vya Mto Pangani, vyote vidogo. Kilicho kikubwa kuliko vingine, Pangani Falls, ni cha megawati 68, na Nyumba ya Mungu ni megawati 8. Arusha na Kilimanjaro, pamoja na hoteli zao, viwanda vyao na mashamba ya maua, kwa miaka mingi zimelishwa na njia mbili. Moja ni ya zamani, ya kilovoti 132, inayopanda kutoka Chalinze kupitia Hale na Same hadi Moshi na Arusha. Ya pili hutoka Singida kupitia Babati kwa kilovoti 220.

Umeme wa Rufiji hufika Chalinze kwa njia nzuri ya kilovoti 400, na hapo ndipo barabara pana inapoisha. Ili ufike Arusha, ama upande kwenye ile njia ya zamani ya Same, ama uzunguke kupitia Morogoro, Kidatu, Iringa, Dodoma na Singida. Desemba 2024 iliwashwa njia mpya ya kilovoti 400 kutoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 na uwezo wa megawati 2,000. Hiyo ni njia pana kweli kweli, ila inaanzia Singida. Kiungo kilichobaki chembamba ni kile cha kati, na cha kukitibu ni njia ya Chalinze hadi Dodoma, kilovoti 400, kilomita 345, ambayo wakati Rais alipotoa kauli yake ilikuwa bado inajengwa. Kwa lugha nyepesi, Arusha iliunganishwa na Nairobi kwa njia pana kabla haijaunganishwa hivyo na Rufiji. Ukilielewa hili, umeelewa zaidi ya nusu ya fumbo.

Nusu iliyobaki ni hesabu, na hapa nadhani serikali ilichagua hoja dhaifu kuliko ile iliyokuwa nayo mkononi. Kiasi kilichotajwa na TANESCO ni megawati 100. Megawati 100 zikitumika saa zote mwaka mzima ni uniti milioni 876. Tuchukulie kwa ajili ya hesabu tu kwamba kila uniti ingenunuliwa kwa shilingi 100, bei ya mteja mdogo wa daraja la D1 kabla ya kodi na tozo: gharama ingekuwa shilingi bilioni 87.6, karibu mara tatu ya ile hasara ya bilioni 32. Kwa upande mwingine, maji ya Rufiji yakishapita kwenye mtambo hayadai ankara. Ukiitetea biashara hii kwa upotevu peke yake, mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kikokotoo atakuumbua.

Lakini hesabu hiyohiyo hubadilika ukiuliza ni saa ngapi za siku. Umeme huo ukinunuliwa kwa saa tano za jioni tu, pale njia zinapozidiwa, kwa bei ileile ya mfano inakuwa takriban shilingi bilioni 18. Na faida yake hapo haihesabiki kwa joto la waya tu. Mikoa inayotegemea njia mbili ndefu iko hatarini, kwa sababu moja ikianguka nyingine hutakiwa kuubeba mzigo wote mara moja, nayo ikishindwa hujizima. Wanaoendesha gridi wana kanuni ya kutotegemea kifaa kimoja ambacho kikiharibika kila kitu kinalala. Zanzibar inaijua bei ya kuikosa kanuni hiyo: kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu gizani baada ya hitilafu kwenye waya wa chini ya bahari uliokuwa tegemeo lake, na haikupumua sawasawa mpaka waya wa pili, wa megawati 100, ulipotandazwa mwaka 2013. Chanzo cha pili kinachoingia Arusha kutoka upande mwingine kabisa, kupitia Namanga, ni kinga ya namna hiyo. Hoja hiyo ndiyo ingestahili kutangulizwa.

Kwa hiyo swali lenye maana kwa mwananchi au mbunge linahusu masharti kuliko jina la nchi inayouza. Je, mkataba unataka TANESCO ilipe hata isipotumia? Unahesabu saa zote au saa za mahitaji makubwa? Kenya inatoza kiasi gani kwa kila uniti inayopita kwenye nyaya zake? Unaisha lini, na unaweza kupunguzwa njia ya Chalinze hadi Dodoma ikikamilika? Majibu ya maswali hayo yanaweza kuufanya mkataba uleule kuwa wa busara au wa hasara.

Kuna dhana nyingine inayozunguka sana, kwamba umeme utasafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Ethiopia na hivyo utapotea zaidi ya ule wa Rufiji. Haiko hivyo. Njia ya Ethiopia na Kenya, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, ina urefu wa kilomita 1,045, na inatumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu bila kubadili mwelekeo, kwa kilovoti 500, teknolojia inayochaguliwa kwa masafa marefu kwa sababu hupoteza kidogo. Kisha, umeme ukishaingia kwenye gridi ya Kenya, hauna kitambulisho. Taa itakayowaka Arusha huenda inalishwa na umeme wa mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, Kenya, ulio karibu zaidi, huku umeme wa Ethiopia ukitumika Nairobi, na mita zilizo mipakani ndizo zinazoweka sawa nani ametoa kiasi gani na nani amepokea. Umeme hufuata njia iliyo rahisi kwake, wala hausomi mikataba.

Na wale wanaosema kununua kwa jirani ni kuuza uhuru wanasahau kwamba Tanzania imekuwa ikinunua kwa miaka mingi bila kelele. Kagera ililishwa na Uganda kupitia Masaka na Kyaka, Rukwa ililishwa na Zambia, na mji wa Namanga ukapata kutoka Kenya, yote kwa sababu gridi ya taifa ilikuwa mbali na mpaka ulikuwa karibu. Kenya nayo ilipokea umeme wa bwawa la Owen Falls huko Jinja tangu miaka ya 1950, kwa mkataba wa miaka 50 uliotiwa saini enzi za ukoloni, na biashara hiyo ilivuka uhuru wa nchi zote mbili na misukosuko yote ya Idi Amin. Rusumo, kwenye Mto Kagera, ni megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Rwanda, Burundi na Tanzania. Muungano wa Gridi za Umeme za Afrika Mashariki, wenye makao yake Addis Ababa, ulianzishwa mwaka 2005 kwa kusudi hilohilo.

Hatari ipo, ila iko mahali pengine. Gridi zilizounganishwa hugawana nguvu na hugawana pia magonjwa. Tarehe 6 Septemba 2024, njia inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ilijizima katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Punde si punde njia ya Ethiopia nayo ikajizima ikiwa na megawati 200, na sehemu kubwa ya Kenya ikabaki gizani. Kati ya Ethiopia na Kenya ule mkondo mnyoofu una faida ya ziada, kwani huzitenganisha gridi mbili zisiambukizane mtikisiko moja kwa moja. Kati ya Kenya na Tanzania hakuna ukuta wa namna hiyo: umeme wa gridi zote mbili huenda na kurudi kwa mapigo yaleyale, mara 50 kila sekunde, na kituo cha Suswa kikipiga chafya, Arusha itasikia. Kabla ya kusherehekea umeme wa kuvuka mpaka, inafaa kuuliza waendesha gridi wa Nairobi na wa Dar es Salaam wamekubaliana nini kuhusu nani anakata wapi dakika ile ya hatari.

Kenya yenyewe, ambayo sasa ni njia ya kupitishia, ina msongamano wake, na kisa chake kinafundisha zaidi kuliko chetu. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwashwa mpaka Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima mapanga yalisimama kwenye upepo mzuri, na wawekezaji wakalipwa fidia iliyoishia kwenye ankara za wateja. Leo, usiku wa manane, visima vya Olkaria huachia mvuke hewani kwa sababu hakuna wa kutumia umeme, na jioni ya siku hiyohiyo baadhi ya maeneo ya magharibi mwa nchi hukatiwa umeme kwa kuwa njia na transfoma za kuelekea huko zimejaa. Novemba 2025 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya sehemu hufanyiwa mgao kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku.

Kwa nini basi njia hazijengwi mapema? Hapa ndipo siasa inapoingia, na haianzii kwenye mikutano ya marais. Bwawa lina sura: linapigwa picha, linapewa jina, linazinduliwa kwa ngoma. Njia ya umeme ni nguzo za chuma porini ambazo hakuna mbunge aliyewahi kuzinadi jukwaani, na kwa mwenye shamba lililopitiwa na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya nyaya, ni hasara tupu, kwa kuwa nguzo hutua kwake huku umeme ukiendelea na safari kwenda kumulika mji mwingine. Bwawa linahitaji kuhamisha watu wa eneo moja. Njia ya kilomita 345 inapita vijiji vingi, kila kimoja na wazee wake, mipaka yake na malalamiko yake ya fidia. Fidia ikichelewa, mkandarasi anasimama, na mradi unaopaswa kutangulia bwawa unalifuata kwa miaka.

Fedha nazo zina siasa yake. Oktoba 2024, shirika la kusafirisha umeme la Kenya, KETRACO, lilitia saini mkataba wa dola milioni 736 na kampuni ya Adani ya India ijenge na kuendesha njia kadhaa kwa miaka 30. Mahakama ikausimamisha mwezi huohuo, na Novemba 21 Rais Ruto akaufuta baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia mashtaka mwenye kampuni hiyo. Wakenya wengi walishangilia, nao walikuwa na sababu ya kudai uwazi, lakini njia zile bado zilihitajika na bado hazikuwepo.

Upande wa mabwawa, siasa huvuka mipaka kwa namna inayokaribia kuchekesha. Bwawa la Rufiji lilijengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, zilizotia saini Desemba 2018. Umeme ambao Tanzania inautaka sasa unatoka Ethiopia, nchi ambayo Septemba 2025 ilizindua bwawa la megawati 5,150 kwenye Nile ya Bluu baada ya miaka mingi ya kupingwa na Misri hiyohiyo. Ethiopia inahitaji wateja ili bwawa lilipe na ili majirani wawe na maslahi ya kuona linaendelea kufanya kazi. Kila megawati inayouzwa kusini ni hoja ya kidiplomasia kaskazini. Tanzania haina haja ya kuuogopa ukweli huo, ila ikae mezani ikijua kwamba muuzaji naye ana shida yake, na mnunuzi anayejua shida ya muuzaji hupata bei nzuri.

Hali hii pia haitadumu. Njia ya Namanga hupitisha umeme pande zote mbili. Ile ya Chalinze hadi Dodoma ikikamilika, mitambo ya Rufiji itaweza kufika Singida, Arusha na Isinya bila kuzunguka, na Kenya, yenye upungufu wa jioni, itakuwa soko la karibu zaidi la umeme wa Tanzania. Kusini, njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma inajengwa kuelekea Zambia, nchi ambayo ukame wa 2024 ulioshusha sana maji ya bwawa la Kariba uliiingiza katika mgao mkali. Mkataba wowote wa kununua kutoka kaskazini ukiandikwa kwa miaka mingi na kwa kiasi kisichopungua, TANESCO inaweza kujikuta ikilipia umeme wa Ethiopia jioni ileile ambayo ingekuwa inauza wa kwake Nairobi.